Mali bila Daftari: Dhana ya Kalori Baki katika Hesabu ya Chakula na Mazoezi, kwa Mifano kutoka Plateau, Eldoret

Utangulizi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu huwaasa wenye maduka, lakini mwili wa binadamu nao una mapato na matumizi yake. Chakula ndicho pato. Kupumua, kusaga chakula, kutembea, kusoma na kukimbia ndiyo matumizi. Simu za mkononi na saa za kielektroniki zimewapa watu wengi daftari la kuwekea hesabu hiyo. Mtumiaji huandika alichokula, chombo humwandikia alichotumia mazoezini, na mwisho wa siku huonyeshwa tarakimu moja inayosemekana kuwa ndiyo matokeo ya siku nzima. Tarakimu hiyo ndiyo inayoitwa hapa kalori baki, yaani kalori zinazosalia baada ya matumizi ya mazoezi kuondolewa katika kalori za chakula.

Makala haya yananuia kuifafanua dhana hiyo, kuonyesha inavyokokotolewa, na kubainisha makosa yanayoiandama. Hoja kuu ni kwamba mengi ya makosa hayo hayatokani na udhaifu wa hisabati bali na udhaifu wa istilahi. Neno moja la Kiingereza limebebeshwa maana mbili, na maana hizo zinapochanganywa, kuna anayenenepa akidhani anapungua, na kuna anayedhoofika akidhani ananawiri. Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kuzitenganisha maana hizo, maadamu yatumiwe ipasavyo.

Plateau na mazingira yake

Plateau ni kituo cha biashara katika Kaunti ya Uasin Gishu, kusini-mashariki mwa Eldoret, upande wa kuelekea Kaptagat. Jina lenyewe ni la kigeni na maana yake ni uwanda wa juu. Jina hilo halikukosewa, kwani ardhi ya eneo hilo iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya mahindi, ngano na ng'ombe wa maziwa. Ugali, sukumawiki, maharagwe, viazi, chai ya maziwa na mursik ndivyo vyakula vya kila siku.

Aidha, ni nchi ya wakimbiaji. Kaptagat ndiko anakofanyia mazoezi Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Nyuma ya bingwa mmoja wa aina hiyo kuna vijana wengi wasiojulikana wanaoamka kabla ya jua kuchomoza na kuzijaza barabara za vumbi, kila mmoja akitumaini kwamba zamu yake itafika. Si mbali na hapo, huko Kesses, kipo Chuo Kikuu cha Moi kilichoanzishwa mwaka 1984, ambako maelfu ya vijana wa rika lilo hilo hutumia sehemu kubwa ya siku wakiwa wameketi.

Makundi hayo mawili hununua unga uleule na hunywa chai ileile. Hata hivyo, hesabu zao za nishati zimetofautiana kama mbingu na ardhi. Ndiyo maana eneo hili linafaa kuwa darasa la somo hili.

Ufafanuzi wa istilahi

Kalori ni kipimo cha nishati. Kalori inayotajwa katika lishe ni kiasi cha joto kinachohitajika kupandisha halijoto ya kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Katika sayansi kipimo hicho huitwa kilokalori, lakini mazungumzo ya kawaida yamekifupisha, na makala haya yanafuata mazoea hayo. Baadhi ya vifurushi vya vyakula hutumia kilojuli. Kalori moja ya lishe ni sawa na kilojuli 4.184.

Msingi wa kukadiria nishati ya chakula uliwekwa na Wilbur Atwater, mtaalamu wa kemia wa Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. Kwa wastani, gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, gramu moja ya protini hutoa kalori 4, na gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9. Viwango hivyo vingali vinatumika hadi leo.

Tatizo la istilahi linaanzia kwenye neno la Kiingereza linalotumiwa kuitaja tarakimu ya mwisho wa siku. Neno hilo katika muktadha wa uvuvi ni wavu, na tafsiri zinazofanywa na mashine zimewahi kuzaa vichekesho kutokana na utata huo. Katika muktadha wa biashara, hata hivyo, Kiswahili kilikwisha kulipatia neno hilo visawe vyema. Mhasibu hutofautisha faida ghafi na faida halisi. Mwuza nafaka hutofautisha uzito ghafi, ambao unajumuisha gunia, na uzito halisi, ambao ni wa nafaka pekee. Kwa hiyo halisi ni kile kinachobaki baada ya kuondoa kisichohusika.

Katika hesabu ya mwili, uondoaji wa aina hii hufanywa mara mbili, na mahali pawili tofauti. Kwanza, matumizi ya zoezi lenyewe huwa na kiasi ghafi na kiasi halisi. Kiasi ghafi ni nishati yote iliyotumika katika muda wa zoezi. Kiasi halisi ni nyongeza iliyoletwa na zoezi tu, baada ya kuondoa nishati ambayo mwili ungeitumia hata kama mhusika angekuwa ameketi. Pili, kuna kinachosalia katika chakula cha siku baada ya kuondoa matumizi halisi ya zoezi. Kiingereza hutumia neno lilelile mahali pote pawili. Makala haya yanapendekeza kwamba Kiswahili kitumie matumizi halisi kwa maana ya kwanza, na kalori baki kwa maana ya pili. Kanuni basi itakuwa hivi: kalori za chakula, kutoa matumizi halisi ya zoezi, ni sawa na kalori baki.

Kosa la kwanza: zoezi kulipwa mara mbili

Chukulia mwanafunzi mwenye uzito wa kilo 70 ambaye hutembea kwa miguu kwa saa moja kila jioni. Mwili uliotulia hutumia takriban kalori 1 kwa kila kilo ya uzito kwa kila saa. Kutembea kwa mwendo wa kawaida huongeza matumizi hayo hadi takriban mara tatu na nusu. Kwa hiyo katika saa hiyo mwanafunzi ametumia kama kalori 245. Chombo chake kikionyesha kiasi ghafi, tarakimu hiyo ndiyo atakayoiona.

Lakini kama asingetoka chumbani, saa hiyohiyo ingemgharimu kalori 70 za kupumua, za moyo kupiga na za kutunza joto la mwili. Hizo kalori 70 tayari zimo katika makadirio ya mahitaji yake ya siku. Akiziandika tena chini ya zoezi, amezilipa mara mbili. Matumizi halisi ya matembezi yake ni kalori 175 tu. Soda ya nusu lita huwa na zaidi ya gramu 50 za sukari, yaani kalori zaidi ya 200. Mwanafunzi anayejituza soda kwa kuwa ametembea saa nzima anarudi chumbani akiwa na deni, ilhali daftari lake linamwambia ana akiba.

Kosa hili lina pacha wake. Vyombo vingi humwuliza mtumiaji awali kama maisha yake ni ya kukaa, ya shughuli za wastani au ya shughuli nyingi, kisha humpangia posho ya siku kulingana na jibu lake. Aliyejibu kwamba ana shughuli nyingi amekwisha kupewa kalori za mazoezi ndani ya posho. Akiandika tena kila zoezi na kuongezewa kalori, anapokea mshahara mara mbili kwa kazi moja. Kanuni ya kuepuka mkanganyiko huu ni nyepesi: ama mazoezi yaingizwe kwenye posho tangu mwanzo na yasiandikwe tena, ama posho ikadiriwe bila mazoezi na kila zoezi liandikwe kwa kiasi chake halisi. Mwenye kuchanganya njia hizi mbili hana hesabu.

Kosa la pili: pato lisilopimwa sawasawa

Upande wa pato nao una mitego yake, na mingi inatoka jikoni. Gramu 100 za unga wa mahindi hutoa takriban kalori 360. Gramu 200 za unga zitatoa takriban kalori 720. Unga huo ukisongwa, maji huongeza uzito bila kuongeza nishati, hata ugali ukawa na uzito wa gramu 600 hivi. Kalori hubaki 720 zilezile, na kila gramu 100 za ugali huo zitakuwa na kalori 120. Anayepima ugali uliokwisha kuiva kisha akatumia kiwango cha unga mkavu atajiandikia mara tatu ya alichokula. Anayefanya kinyume atajiandikia theluthi moja tu.

Mtego wa pili ni mafuta ya kupikia. Kijiko kikubwa cha mafuta kina takriban gramu 14, nazo ni kama kalori 120. Sukumawiki yenyewe ina nishati haba, lakini sukumawiki iliyokaangwa ni habari nyingine. Mtego wa tatu ni vinywaji. Utafiti uliofanywa kwa wakimbiaji wa Kenya, ambao utaelezwa baadaye, uligundua kwamba kila mmoja wao alikunywa kwa wastani zaidi ya lita moja ya chai ya maziwa kwa siku. Chai ya aina hiyo, ikiwa na sukari na maziwa, ni mlo kamili ndani ya kikombe. Wengi huiandika kama maji, na wengine hawaiandiki kabisa.

Fauka ya hayo, familia nyingi hula kutoka sinia moja, na hakuna anayeweza kusema kwa yakini tonge zake zilikuwa ngapi. Njia bora ni kupima vitu vikiwa vibichi kabla havijaingia sufuriani, kujumlisha nishati yake, kisha kugawa kwa makadirio ya sehemu aliyokula kila mtu. Majedwali ya Virutubishi vya Vyakula vya Kenya, yaliyotolewa mwaka 2018 na serikali ya Kenya pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, yanamwezesha mtafiti kupata viwango vya vyakula vya hapa badala ya kutegemea orodha za vyakula vya ng'ambo.

Baki si ziada

Makosa yaliyotajwa hadi sasa humpotosha zaidi yule anayetaka kupunguza uzito. Lipo kosa jingine lililo zito zaidi kwa vijana wa Plateau wanaokimbia, nalo ni kulichukua neno baki kana kwamba lina maana ya ziada.

Katika biashara, kinachobaki baada ya matumizi yote ni faida, nayo yaweza kutumiwa kwa anasa au kuwekwa. Katika hesabu ya kalori mambo si hivyo, kwa sababu kilichoondolewa ni matumizi ya zoezi peke yake. Mwili bado haujalipwa kwa kazi zake nyingine zote: ubongo, moyo, ini, figo, joto, ukarabati wa misuli, ujenzi wa mifupa, kinga dhidi ya maradhi na uzazi. Zote hizo zinasubiri kulipwa kutokana na baki. Kwa hiyo baki ni posho ya kuishi. Anayejivunia kuwa baki yake ni ndogo, au kwamba imekaribia sifuri, anajivunia kuunyima mwili wake posho.

Wataalamu wa lishe ya michezo hulipima jambo hili kwa kugawa kalori baki kwa kilo za uzito wa mwili usio na mafuta. Kiasi cha kalori 45 kwa kila kilo kwa siku huchukuliwa kuwa kinautosheleza mwili wa kijana mwenye afya. Majaribio ya maabara yaliyofanywa kwa wanawake na Anne Loucks na Jean Thuma, na kuchapishwa mwaka 2003, yalionyesha kwamba baki ikishuka chini ya kalori 30 kwa kila kilo, homoni zinazoongoza mzunguko wa hedhi huanza kuvurugika ndani ya siku chache. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko lililokusanya madhara ya upungufu huu kwa wanawake na wanaume pia: mifupa kudhoofika na kuvunjika kwa msongo, kinga kupungua, damu kukosa nguvu, hedhi kukoma, moyo wa kufanya kazi kufifia, na hatimaye kasi yenyewe kupotea. Kiwango cha 30 hakipaswi kuchukuliwa kama ukuta kwa kila mtu, hasa wanaume, lakini ni alama ya hatari isiyofaa kupuuzwa.

Chukulia msichana mkimbiaji mwenye uzito wa kilo 48, ambaye uzito wake usio na mafuta ni kilo 40. Asubuhi hukimbia kilomita 15 kwa dakika 75. Kukimbia hugharimu takriban kalori 1 kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita, kwa hiyo matumizi ghafi ni kalori 720. Ukiondoa kalori 60 ambazo angezitumia akiwa amepumzika, matumizi halisi ni kalori 660. Ameambiwa na wenzake kuwa mwepesi ndiye mshindi, basi hula kalori 1,800 kwa siku. Kiasi hicho kingemtosha kama angekaa tu, kwani 1,800 kwa kilo 40 ni 45 kamili. Lakini baki yake ni kalori 1,140, ambazo zikigawanywa kwa 40 ni 28.5. Amevuka alama ya hatari, na wala hajioni kama mtu mwenye njaa. Sahani yake haina tofauti na ya dada yake asiyekimbia, na hilo ndilo linalomdanganya.

Dawa yake si ngumu. Kalori 660 zinazopungua zinaweza kurudishwa kwa ugali wa gramu 100 za unga pamoja na nusu lita ya maziwa. Katika nchi ya mahindi na maziwa, upungufu huu mara nyingi si wa ukata peke yake. Ni upungufu wa maelezo, ingawa ni kweli pia kwamba kijana aliyeacha kwao na kupanga chumba karibu na barabara ya mazoezi, bila kipato, huenda akawa anabana chakula ili alipe kodi. Katika hali hiyo hesabu ya kalori haitamlisha, lakini itamjulisha ni siku gani apunguze kilomita badala ya kupunguza sahani.

Ushahidi kutoka kambini

Hesabu hii imewahi kupimwa kwa wakimbiaji wa Kenya wenyewe. Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake, wakiwemo Mike Boit, mshindi wa nishani ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, na Yannis Pitsiladis, walichapisha utafiti kuhusu wakimbiaji 10 wa hali ya juu waliofuatiliwa kwa siku 7 katika kambi ya mazoezi. Chakula chao kilipimwa na mazoezi yao yakaandikwa. Kwa wastani walikula kalori 2,987 kwa siku, ilhali matumizi yao yalikadiriwa kuwa 3,605. Zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitokana na wanga. Uzito wao ulishuka kutoka wastani wa kilo 58.9 hadi 58.3.

Msomaji anaweza kuikagua hesabu hii mwenyewe. Pengo la siku moja ni kalori 618, na la siku 7 ni 4,326. Kilo moja ya mafuta ya mwili huhifadhi takriban kalori 7,700. Kwa hiyo pengo hilo ni sawa na kilo 0.56, nayo inakaribiana sana na kilo 0.6 zilizopungua. Hata hivyo, mwangalifu hataharakisha kushangilia. Vikombe viwili vya chai vina uzito wa kukaribia nusu kilo, na mkimbiaji aliyetoka jasho anaweza kupoteza zaidi ya hapo kwa asubuhi moja. Mizani haijui kutofautisha maji na mafuta.

Mwaka 2006 Barry Fudge na wenzake walichapisha utafiti mwingine uliotumia njia ya uhakika zaidi. Wakimbiaji 9 walinyweshwa maji ambayo haidrojeni na oksijeni yake zilikuwa zimewekewa alama za kiatomi. Haidrojeni hutoka mwilini kwa njia ya maji pekee. Oksijeni hutoka kwa njia ya maji na pia kwa hewa ya kaboni. Tofauti ya kasi ya kutoka kwa alama hizo mbili huonyesha ni hewa ya kaboni kiasi gani iliyozalishwa, na kutokana na hiyo nishati iliyotumika hukokotolewa, pasipo mtu kufungiwa maabarani. Matokeo yalikuwa kilojuli 13,241 za chakula dhidi ya kilojuli 14,611 za matumizi kwa siku, yaani takriban kalori 3,165 dhidi ya 3,492. Pengo lilikuwa kalori 327. Lakini safari hii uzito haukubadilika kwa kiwango chenye maana kitakwimu: kilo 56.0 mwanzoni na 55.7 mwishoni.

Pengo hilo lilitoka wapi? Watafiti waliona kwamba kwa sehemu kubwa lilitokana na wakimbiaji kula pungufu ya kawaida yao katika siku zile za kupimwa, na si kwa kusahau kuandika. Hapa pana funzo kwa kila mwenye daftari. Mtu anayepimwa hubadilika kwa sababu anapimwa. Sahani inayowekwa kwenye mizani hupakuliwa kwa haya. Wiki ya kuandika si lazima ifanane na wiki ya kuishi, na anayetoa hukumu kuhusu mwili wake kwa ushahidi wa siku chache anamhukumu mtu aliyekuwa akijistahi mbele ya mgeni.

Mipaka ya hesabu

Upo mpaka mwingine uliodhihirishwa Tanzania. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima, kwa njia ileile ya maji yenye alama, watu wazima 30 wa jamii ya Wahadza wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya vyakula karibu na Ziwa Eyasi. Wahadza hutembea na kufanya kazi za mwili kuliko watu wa mijini. Ilitarajiwa kwamba matumizi yao ya siku yangekuwa makubwa zaidi. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, ilionekana kuwa matumizi yao hayakutofautiana na ya watu wa Ulaya na Marekani.

Ufafanuzi unaotolewa na Pontzer ni kwamba mwili uliozoea kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine, jinsi mwenye nyumba anavyobana bajeti karo ya shule inapopanda. Suala hili lingali linajadiliwa na wanasayansi. Hata hivyo, linatosha kuonyesha kwamba kalori za zoezi haziongezeki juu ya posho kama matofali juu ya ukuta. Anayepunguza uzito asitegemee zoezi peke yake limfanyie kazi ya sahani. Naye mkimbiaji akumbuke kwamba mwili ukibana kupita kiasi, unachobana ni mifupa, kinga na uzazi. Uzito uliosimama pale pale, kwa hiyo, si cheti cha afya. Huenda ni dalili ya mwili uliokwisha kuzima baadhi ya taa ili mafuta yasiishe.

Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, anayetaka kuweka daftari la chakula na mazoezi anashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

(i) Achague njia moja ya kuhesabu mazoezi, ama ndani ya posho au nje yake, na asizichanganye.

(ii) Aandike matumizi halisi ya zoezi. Chombo kikitoa kiasi ghafi, aondoe kalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila saa ya zoezi.

(iii) Apime chakula kikiwa kibichi, na asisahau mafuta, sukari na chai.

(iv) Asome wastani wa wiki kadhaa badala ya tarakimu ya siku moja, na ajipime uzito asubuhi kabla ya kula wala kunywa.

(v) Mkimbiaji agawe kalori baki kwa uzito wake usio na mafuta. Akikaribia 30, aongeze chakula au apunguze kilomita. Msichana ambaye hedhi yake imekoma, au kijana yeyote anayevunjika mifupa bila kuanguka, amwone daktari bila kuchelewa.

Kwa wanachama na wanafunzi wa Kiswahili, pendekezo ni kwamba istilahi matumizi ghafi, matumizi halisi na kalori baki zitumike kwa uthabiti katika tafsiri za lishe na afya, na kwamba neno ziada liachiwe kile kinachovuka mahitaji yote ya mwili.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kalori baki ni dhana nyepesi inayopotoshwa kwa urahisi. Anayelipia zoezi mara mbili huidhania kuwa ndogo kuliko ilivyo. Anayesahau chai na mafuta vilevile. Anayeichukulia kuwa faida huipunguza hadi mwili ukakosa wa kuutetea. Imedhihirika pia kwamba hata wakimbiaji wa hali ya juu, wakiwa na watafiti kando yao, walipatikana na pengo katika hesabu zao, na kwamba sehemu ya pengo hilo ilizaliwa na upimaji wenyewe.

Daftari lina manufaa, lakini mwenye duka hali daftari. Kijana wa Plateau anayerudi kutoka barabarani asubuhi, jasho likiwa halijakauka, anahitaji kujua kwamba kilomita alizokimbia ni deni analopaswa kuulipa mwili wake, na kwamba malipo yake yako mezani: ugali, maharagwe, mboga na kikombe cha maziwa.